Kisigino cha Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kuandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele ni miguu ya wateja, nyuma iwe yangu. Hakuna atakayefungua huku.

Leo kliniki ya sukari. Miaka sita naenda, nachomwa kidole, namba inasomwa, narudi zangu. Leo nesi mpya. Vua viatu, baba! Nikaona aibu. Mimi fundi viatu, viatu vyangu vinang'aa, miguu yenyewe magaga matupu, inakwaruza hata shuka. Kisigino cha kushoto kina ufa wa kumeza sarafu.

Nesi umri wake ni wa binti yangu, ila anaamrisha kama mama mkwe. Kaniambia nifumbe macho, akatoa kiuzi cha plastiki, akawa ananigusa nyayo. Baba, unasikia? Nasikia. Na hapa? Nasikia. Uongo mtupu! Kiti chake kinalia kila akiinama, basi kikilia tu, mimi nasema nasikia.

Kisha masharti. Kuosha kwa maji ya uvuguvugu, na kuyapima kwa kiwiko kwanza. Kukausha mpaka katikati ya vidole. Mafuta ya mgando juu na chini, ila katikati ya vidole hapana. Peku marufuku, hata ndani ya nyumba. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Nyayo nizitazame kwa kioo kila jioni. Wembe usiguse magaga. Ufa ukitoa damu, njoo siku hiyo hiyo. Kanipa na kadi yenye masharti hayo: kila jioni niweke alama ya vyema kama miguu ni salama.

Jumanne, 4 Machi

Nimeosha, nimekausha, nimepaka. Mama watoto kanikuta na beseni. Fundi, unaoa? Nikamwambia nangoja ruhusa yako. Tukacheka. Alitaka anishikie kioo, nikakataa, nikasema haya ni mambo ya wanaume. Mambo gani ya wanaume yaliyo kisiginoni, sijui hata mimi.

Ninajua. Ni kaka. Yeye walianza na kidole. Kisha unyayo. Kisha chini ya goti. Nilimshonea viatu vya mguu wa kulia tu, miaka minne, mpaka tukamzika. Na mke wangu ndiye aliyekuwa akimsafisha kidonda shemeji yake, kwa kuwa sisi wengine tulishindwa. Niliuona uso wake kila akitoka chumba kile. Sitaki uso ule unitazame mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Damu kwenye soksi. Sikujua hata imetoka saa ngapi.

Nesi alisema siku hiyo hiyo. Lakini viatu vya walinzi, jozi tisa, vinatakiwa kesho! Nikafunga mlango wa kibanda, nikaweka mguu gotini, nikautazama ufa. Soli ikipasuka nafanyaje? Nakwaruza kwa msasa, natia gundi, nabana, nahesabu mpaka sitini. Mikono ilianza kabla akili haijakubali.

Ukafunga sawasawa. Ukipitisha ukucha husikii hata mfuo. Miaka thelathini na nne nafunga nyufa, na huu ndio uliokaa vizuri kuliko zote. Na haikuuma hata chembe — nimeshukuru kwa hilo. Jozi tisa nimezimaliza.

Kadi: vyema.

Jumapili, 9 Machi

Kadi: vyema. Nimelala mchana na soksi. Mama watoto kauliza kuna baridi gani humu. Nimemjibu jibu baya ambalo siliandiki. Amekula peke yake jikoni.

Jumatano, 12 Machi

Kibanda kinanuka.

Nimetoa kila kitu nje. Ngozi, kalibu za kuundia viatu, makopo ya rangi, gunia la viatu ambavyo wenyewe hawakurudi. Panya amekufa mahali, nikasema. Fundi cherehani wa mlango wa pili kaja kusaidia huku kashika pua. Akasema labda ngozi haikuiva. Tumenusa ngozi moja moja, wazee wazima! Hakuna. Tumefagia, tumemwaga dawa, nimerudisha vitu mahali pake. Bado inanuka.

Jioni nimefika nyumbani, nikakaa kitandani. Harufu nayo imefika.

Sikuvua kiatu. Nimekaa nacho mpaka nilipoitwa kula.

Ijumaa, 14 Machi

Amejua.

Alinivizia asubuhi. Nimekaa nakunywa chai, miguu chini ya meza, yeye akapiga magoti, akanivua soksi bila kuniuliza. Mwanamke ambaye huongea hata na sufuria, leo akaugeuza tu mguu kwenye mwanga. Kisha akauliza hiki kinachong'aa ni nini. Gundi. Gundi ya nini? Ya soli. Akarudia neno kwa neno: umejitia gundi ya soli. Nilidhani atacheka. Mtu mwingine angecheka.

"Miaka thelathini na moja nakufulia soksi," akasema. "Mimi ni mkeo au mteja?"

Akasema, mficha maradhi — akaishia hapo hapo, hakumalizia. Akatoka kutafuta gari.

Nesi yule yule. Hakunikaripia, nami nilitamani anikaripie. Aliilainisha gundi taratibu, pamba baada ya pamba, karibu saa nzima, asichune ngozi. Ilipoachia, usaha ukatoka. Sikuhisi kitu, niliuona tu kwenye bakuli. Akasema nimefunga mlango mwizi akiwa ndani. Uchafu wote wa kibanda niliufungia humo kwa mkono wangu mwenyewe, na nikajisifu.

Kisha akachukua kile kiuzi. Baba, unasikia? Kiti kikalia. Mama watoto kasimama mlangoni, mkoba kaukumbatia.

Nikasema sisikii. Nikasema hata siku ile sikusikia, nilikuwa nafuata kiti.

Nesi akaweka kalamu chini. Akasema, asante baba, akaandika. Sikuthubutu kugeuka mlangoni.

Daktari amesafisha, amefunga, ametoa vidonge. Kabla ya kufunga akachora mstari wa kalamu kuzunguka uvimbe, vile vile ninavyochora mguu wa mteja kwenye karatasi. Uvimbe ukivuka mstari, au homa ikija, tusingoje hata saa moja. Mguu usikanyagwe. Nikamuuliza: mguu utabaki? Akasema tuzipe dawa siku mbili tatu. Hakusema ndiyo.

Naogopa. Nimeliandika na nimelisoma tena neno lenyewe. Naogopa sana.

Jumamosi, 15 Machi

Kitandani, mguu juu ya mito miwili. Kibanda kimefungwa, fundi cherehani anapokea viatu vya watu na kuwaambia nimesafiri. Safari hii!

Jioni mama watoto kafungua bandeji, kasafisha kama alivyoelekezwa, katazama, kafunga nyingine. Uko ndani ya mstari, akasema. Nikahema.

Nikamwomba radhi kwa lile jibu la Jumapili. Akasema alishasahau. Hakusahau, namjua. Kisha akachukua mafuta akaupaka mguu wa kulia, kisigino chote, polepole, akaruka katikati ya vidole. Kumbe kadi ameisoma yote. Zile alama zangu za vyema amezipitia kwa kidole, moja moja, mpaka ya mwisho. Akairudisha kadi mezani.

Nilimtafuta usoni ule uso wa wakati wa kaka. Haukuwepo. Alikuwa amechoka tu. Nimemnyima siku kumi za kunisaidia kwa ajili ya uso ambao hakuwa nao!

Jumapili, 16 Machi

Tangu alfajiri natetemeka. Shuka mbili hazitoshi. Sasa joto, nimezitupa zote.

Mama watoto kanishika shingo kwa kiganja, kaenda kuleta taa. Kafungua bandeji. Katazama. Kaomba miwani yangu, katazama tena. Kidole chake kinapita juu ya mguu — naona mkono unavyokwenda, wapi hasa sijui.

Vipi, nikamuuliza. Uko pale pale, mume wangu, akasema.

Mume wangu. Siku zote mimi ni Fundi.

Anasema tupite tu kwa nesi abadilishe bandeji. Ameibadilisha yeye jana jioni. Nasikia kabati. Mlango uko wazi kidogo, naona mfuko mkubwa ule wa safari: shuka, kikombe, sabuni, mashati yangu mawili. Anaongea na mtu wa gari kwa simu, kwa sauti ya chini, njoo sasa hivi, usipitie popote. Halafu anafuta macho kwa bega, mikono yote ina vitu. Anatia mswaki wangu. Anatia na wake.

Kubadilisha bandeji hakuhitaji mswaki. Anakuja na shati, anasema niinue mikono, ninamwambia ngoja nimalizie mstari huu, anasema hapana, inua mikono sasa, gari lime