Mlolongo wa Katiba

Jumanne, 2 Julai 1991. Jinja
Matairi ya malori tangu alfajiri. Ziba, jaza upepo, ziba tena. Mimi niliyekula samaki Mombasa na kulala Kigali, hakuna tundu linalonishinda. Mwenyekiti wa RC, baraza letu la kijiji, kapita. Jumamosi kijiji kinatoa maoni ya katiba mpya, naye anataka tuseme Bunge peke yake liruhusiwe kuibadilisha. Nikacheka. Zile za zamani zilibadilishwa hivyohivyo, sisi tukasikia kwa redio. Hakucheka. Na kibanda changu ni chake.

Alhamisi, 4 Julai
Nimetangaza mtaa mzima: nitampinga. Anayetaka kugusa katiba aje kwanza kila kijiji, atuulize. Okello fundi cherehani kanionya: "Bwana, utafukuzwa hapo." Nimemjibu nimeshafukuzwa kwenye nchi nzuri kuliko hapo.

Jumamosi, 6 Julai
Nimeongea Kiswahili, maana hapa tuko makabila yote, ingawa wengi huku wanakiita lugha ya wanajeshi. Mmoja akapiga kelele: "Afande, rudi kambini!" Nikampigia saluti. Watu wakacheka, nikamaliza hoja yangu.

Mwenyekiti akasema tupige kura kwa mlolongo. Yeye asimame huku, mimi kule, watu wajipange nyuma ya wanayemtaka. Katibu ahesabu. Na sheria yetu ni moja: anayesimama mbele hageuki mpaka hesabu iishe.

Nimeangalia ukuta wa zahanati. Nyuma yangu sisikii hatua hata moja. Mdomo wangu wote umekwisha. Kisha ndala: pwata, pwata. Mtu kasimama mgongoni kwangu, ananukia vitunguu. Mwanamke. "Usitetemeke, kaka. Nipo." Halafu miguu mingi.

Hesabu ikaisha. Kugeuka, mstari umepinda mpaka barabarani. Wa kwanza nyuma yangu ni mke wa mwenyekiti!

Jumapili, 7 Julai
Kibanda kina kufuli jipya. Si langu. Lakini maoni yetu yameandikwa. Mama yule hakumruhusu katibu aweke kalamu chini mpaka ayamalize. Nina hasira. Nina furaha pia. Pampu nimeibeba begani mchana kweupe, nikiimba, wote waone.

Jumatano, 17 Julai. Mbale
Niko mtaa wa Malukhu kwa dada yangu. Kazi ni baiskeli tu. Mvua tangu asubuhi, mlima hauonekani. Dada anasema Jumapili nao wana mkutano wa katiba. Ananiomba nikae kimya, nyumba ni ya kupanga. Nimemwahidi.

Nimefua shati jeupe, lile nililovaa siku ya mlolongo. Nimelianika nyuma ya jiko, asilione.