Porsche, BMW na Masale ya Baba Mkubwa

Mama Herieth, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Krismasi haijafika, maana nimebanwa na magari mawili ambayo hata moja sijalinunua. Mimi nauza vifaa vya ujenzi Bomang'ombe, nyumbani ni Machame, umri umeenda na tumbo limetangulia, lakini Desemba iliyopita mwenzangu mmoja alipandisha mlimani gari linalonguruma hadi kuku wa mama wakahama banda, na tangu siku ile Prado yangu naiona kama toroli.

Sasa natapatapa kati ya BMW M4 na Porsche Cayman, yote yaliyotumika. BMW inafika kilomita mia kwa saa ndani ya sekunde kama nne, Porsche inachukua kama tano lakini muuzaji wangu ameipunguza bei, na mimi nashinda dukani nikibishana na simu kuhusu sekunde moja, mtu ambaye kushuka kitandani tu lazima nijipange kwanza. Mke wangu Eunike aliponiuliza hiyo sekunde nitaitumia wapi, nilimwambia hajui magari.

Kisha nikaenda kupima njia ya nyumbani, kwa sababu haina maana kununua gari halafu lisifike uwanjani kwa mama likaonekana, nikakuta njia ni nyembamba na magari haya yako chini, tuta la kwanza tu lingebaki na tumbo la gari, basi nikatafuta vijana wakasawazisha matuta na kupanua njia, wakang'oa masale ya upande mmoja, ile mimea ya mpaka wetu na Baba Mkubwa Ndelilio, kaka wa marehemu baba, masale ambayo babu aliyapanda alipowagawia wao wawili kihamba, shamba la ukoo. Sikuchukua ardhi ya mtu, nilisogea kidogo tu. Niliwaza kwamba akiliona gari ataelewa.

Baba mkubwa hajagomba. Alikuja, akatazama, akarudi kwake. Tangu hapo haji tena kwa mama kunywa chai ya asubuhi, na mama, ambaye tangu baba afariki hana mwingine wa kukaa naye akaongea Kimachame mpaka jua lipande, ameniambia, "Sifael, mwaka huu usilete mbuzi wa Krismasi. Hakuna wa kula naye." Naumia, Mama Herieth, lakini muuzaji anataka jibu Ijumaa. Nichukue lipi?

Sifael, Bomang'ombe

Mama Herieth anajibu:

Marahaba, Sifael. Nilicheka nilipofika kwenye Prado yako ya toroli, halafu nikaendelea kusoma, nikaacha kucheka.

Magari nakujibu upesi. Ukitaka kasi, BMW. Ukitaka nafuu, Porsche. Kwa njia ya kwenu, ng'ombe wa mama yako atayatangulia yote mawili. Sasa tuzungumze hili ulilolificha katikati ya barua.

Hukusogea kidogo tu. Umeng'oa neno la babu yako, ukategemea mzee aridhike kwa kutazama gari. Na wewe ni mtu mzima wa Machame, unajua fika kwamba kwetu aliyekosa hubeba jani la isale akalipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa. Wewe umekosa, na papo hapo ukatupa kitu ambacho ungeombea msamaha. Nimetafuta mjinga wa kukufananisha naye, sijampata. Lakini umeandika kwamba unaumia, na hapo nimekuamini.

Fanya hivi. Mwambie muuzaji hapana leo, usingoje Ijumaa. Kawaulize vijana wako waliyatupa wapi masale. Isale halifi haraka. Okota vipande, ushike jembe mwenyewe, na tumbo lako hilo hilo, uvichomeke pale pale palipokuwa na mpaka, mama yako akikuonyesha mstari. Usimtume mtu. Kisha uende kwa mzee Ndelilio kwa miguu, jani moja mkononi. Usimweleze upana wa njia wala urefu wa matuta. Mpe shikamoo, mpe jani, unyamaze. Kama ana la kukusema, mwache aseme mpaka achoke, una deni la kumsikiliza.

Akishalipokea, mwombe arudi kwenye chai ya mama yako. Yeye ndiye uliyemnyang'anya mama, na hakuna gari linaloweza kumfidia. Siku utakapomkuta ameketi pale na kikombe, ndipo ushuke Bomang'ombe ukalete mbuzi. Mlete kwa toroli lako.