Mstari wa Bondeni Uliozimwa

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana nimefika mahali siwezi kumtazama shangazi yangu usoni. Mimi ni mtakwimu wa ofisi ya maji, kila wiki maabara inanipa vipimo vya mabomba yetu matatu ya mtaani, la sokoni, la shuleni na la bondeni, nami nimeandika programu ya kompyuta kwa lugha ya Python inayochora grafu na kuipandisha kwenye tovuti yetu, tena si picha ya kutazama tu, ukigusa kitone inakwambia tarehe na kiasi cha vijidudu, ukigusa jina la bomba pembeni mstari wake unazimika au unawaka, na kazini wananiita Mama Grafu kwa ajili hiyo, na sikufichi, jina hilo nimeringa nalo. Sasa mwezi uliopita bomba la bondeni likapasuka chini ya mtaro, vijidudu vikapanda juu ya ule mstari mwekundu wa usalama, na mkuu wangu akaja akasimama nyuma ya kiti changu akasema, "Mama Grafu, huu mstari unatuvua nguo. Uzime kwanza, fundi akimaliza utauwasha. Hufuti kitu, sasa uongo uko wapi?" nami nikaongeza agizo moja tu kwenye programu ili ukurasa ukifunguka mstari wa bondeni uwe umezimwa, jina likabaki pembeni limefifia, nikachapisha, nikaenda kula. Mshauri, shangazi aliyenilea tangu mama afariki anaishi bondeni, na Jumapili alinipokea na simu mkononi: "Mwanangu, nimegusa vitone vyote kama ulivyonifundisha, vyote viko chini ya mwekundu! Nimeacha kuchemsha. Ile sufuria kubwa nimempa jirani." Akanimiminia maji, nikasema sina kiu. Sikumwambia kwa sababu shangazi ana mdomo, akijua asubuhi mtaa mzima umejua kabla ya mchana, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao na anayeuongeza ni huyo huyo mkuu. Fundi anasema wiki mbili. Je, nisubiri?

Mama Grafu

*

Mama Grafu,

Weka gazeti chini umpigie shangazi yako. Sasa hivi. Maneno yangu hayana haraka; tumbo lake linayo.

Umeshapiga? Haya, tuongee. Ulisema huna kiu. Hapo ndipo barua yako yote ilipo: maji uliyoogopa kuyatia mdomoni, ulimwacha aliyekulea aendelee kuyanywa, ukaaga, ukaenda zako.

Mkuu wako anauliza uongo uko wapi. Mjibu kwamba uko kwenye simu ya shangazi. Hakuona mstari uliozimwa. Aliona maji salama. Nimechoka na ofisi zinazodhani kwamba ukweli ukiachwa pembeni, umefifia, unasubiri kidole cha mtu asiyejua kama upo, basi umetangazwa! Umefichwa huo, na waliouficha wana sura na vyeo.

Pole kwa habari ya mkataba, naisema kwa moyo. Lakini nimegundua jambo. Ungeweza kulifuta jina la bondeni kabisa, ukaliacha. Ulitamani mtu aliguse. Hakuna aliyegusa, basi liguse wewe.

Leo hii ondoa hilo agizo, chapisha upya. Juu ya grafu andika kwa maneno, kwa herufi kubwa, kwamba maji ya bondeni yachemshwe, maana vitone havipigi kelele. Chini yake weka tarehe uliyouzima mstari na tarehe uliyouwasha. Kisha mwandikie mkuu wako, na usimwombe, mwarifu: nimeuwasha, ukitaka uzimwe nipe amri yenye saini yako. Hatatia saini. Wakubwa wa namna hii huamrisha wakiwa nyuma ya kiti, kwa sababu pale hakuna karatasi. Na akikunyima mkataba, mtu anayeweza kufanya namba zijibu kidole hatakosa kiti kwingine.

Na huo mdomo wa shangazi unaouogopa? Wanaochota bondeni ni wengi kuliko wanaofungua ukurasa wako. Mwachie autumie, mwambie aanze na jirani.

Ukitoka kazini usinyooshe nyumbani. Pita kwa huyo jirani, bisha hodi, uombe ile sufuria. Ipeleke mwenyewe, washa jiko, mchemshie shangazi maji. Yakipoa, kikombe cha kwanza unywe wewe.