Kioo Kimeshika

Lubumbashi, tarehe 3 mwezi wa pili 2024

Tata,

Jambo kwenu bote. Mi niko muzima, ni kikohozi cha vumbi tu. Na nyinyi? Miguu ingali inauma? Dada Naomie na mimba yake, hali gani?

Kila mara munauliza nafanya nini mu labo ya chuo. Nafundisha shaba kushika kioo. Naweka maji yenye shaba mu chombo, naongeza dawa ya kiberiti, nasimamisha kipande cha kioo ndani, napasha moto polepole. Shaba inajishika kidogo kidogo, ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu. Ngozi ile njo inakamata jua na kutoa courant ya umeme. Ukikimbiza moto, yote inakuwa unga chini ya chombo, na kazi imekufa.

Chumvi ya shaba ya kununua ni bei kali. Mémoire yangu, kazi ya kumaliza masomo, ni kutumia maji machafu ya mine, ya kule banachimba shaba, pahali pake. Basi naomba: mujaze bidon ya maji mu mufereji unaotoka ku usine ya kusafisha shaba, mumupe Benoît wa taxi-bus. Bila maji ile, mwaka wangu unapotea.

Mutoto wenu,
Rachelle

Kolwezi, tarehe 11 mwezi wa pili

Rachelle mwanangu,

Jambo. Hapa tunapumua. Miguu ni ile ile. Dada yako anakula udongo na kulalamika siku nzima. Mimba hii imepita miezi ya zile mbili tulizozika. Nimeanza kutumaini, na naogopa kusema kwa sauti.

Kumbe nilisomesha mutu wa kupika vioo. Bacreuseurs, bachimbaji ba hapa, banatoa mawe ya kujaza camion, wewe ngozi ya kitunguu. Nilicheka hata jirani Huguette akaja kuuliza nani amekufa.

Bidon njo hiyo. Mwaka wako usipotee. Nimeshaambia jirani bote ba quartier kwamba mwezi wa saba nitakuwa baba ya ingénieur.

Tata yako

Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa tatu

Tata mupenzi,

Natumaini muko muzima bote. Mukae kwanza ku kiti. Kioo kimeshika.

Nilichemsha bidon yote hata ikabaki kikombe. Nikapima: shaba iko, kobalti iko, na bitu bingine bibaya. Kisha ngozi ikakuja laini, rangi ya shingo ya njiwa. Profesa alikiinua ku dirisha, akaita benzake baje kuona. Nitakileta nyumbani, nanyi mukione.

Lakini Tata, maji ile ni sumu. Naomie asiikanyage hata na miguu, na musimwagie mboga. Namushukuru Mungu mulituchimbia kisima. Munitumie bidon ya kisima chetu pia, nionyeshe tofauti ya maji mazuri na maji mabaya.

Mutoto wenu,
Rachelle

Lubumbashi, tarehe 20 mwezi wa tatu

Tata,

Muko muzima kweli? Benoît amerudi mikono mitupu mara mbili, hapendi kuniangalia mu macho. Simu ya Naomie haipiti. Hata neno moja, Tata.

Rachelle wenu

Kolwezi, tarehe 27 mwezi wa tatu

Rachelle,

Jambo. Kuhusu afya usiniulize leo.

Barua yako ya furaha ilifika tukiwa ku matanga. Naomie alizaa kijana. Hakulia. Tulimuzika pembeni ya bale bawili. Mi ndiye nilimukataza Benoît kukuambia.

Bidon ya kisima, uko nayo tangu mwanzo. Ku mufereji balijenga ukuta, na bagarde ba kulinda bako na imbwa. Balinipiga fimbo ya mugongo, nikarudi na bidon mutupu. Nikafikiri: maji ni maji, udongo ni mumoja, mutoto atapoteza mwaka. Nikajaza kwetu. Maji yetu imekuwa chungu tangu usine ifunguliwe, lakini tulizoea, tunaongeza sukari mu chai. Na kisima kile nilikichimba na mikono yangu, Rachelle, nikijisifu.

Sijui kama ni maji iliua mutoto. Dokta naye anasema hajui. Lakini barua yako nilimusomea Naomie yote, hata ile ya shingo ya njiwa. Alisikiliza mupaka mwisho. Kisha akachukua ndoo, akaenda kuteka palepale, kwa sababu kisima kingine hakuna.

Kioo chako ulisema utakileta tukione. Kiache kulekule.

Tata yako