Kumbe Mashine Ndiyo Iliyokuwa Inaubeba

Jumanne. Baridi kavu ya Juni, ile ya kupasua midomo, na vumbi la mtaa wetu, unaoitwa Kenya kama ile nchi, limeingia mpaka ndani ya sufuria.

Naandika kwa kidole gumba cha kushoto, kwa hiyo naenda polepole. Mkono wa kulia umelala mapajani. Uko hivyo tangu kiharusi kiliponiangusha nikiwa kwenye cherehani.

Leo nimelia mbele ya kijana wa watu.

Kule mjini kuna kituo wanakofunga mkono wako kwenye roboti. Unatazama skrini: kuna maembe, kuna kikapu. Roboti inakwenda pamoja nawe, unachuma, unatia kikapuni. Wiki zote hizi nimechuma, nikajiona fundi tena. Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba mkono wangu umefufuka. Wamama wakapiga vigelegele. Mama mkwe alicheza mpaka kilemba kikamdondoka.

Leo kijana anayetufanyisha mazoezi ya viungo, sisi humwita Docta, akaniambia: « Mama, leo tunatosha nguvu ya mashini. Tuone ya kwako. » Akaizima ile nguvu ya roboti.

Embe halikutikisika.

Nikajaribu tena. Nilisukuma kwa meno, kwa shingo, jasho likanitoka. Mkono umekaa tu kama mgeni asiyejua kwa nini ameitwa.

« Docta, kumbe ni mashini ndiyo ilikuwa inabeba mukono? »

« Mingi ilikuwa mashini, mama. Nilikuelezea siku ya kwanza. »

Ni kweli alinieleza, kwa Kifaransa cha haraka, nami nikaitikia oui, oui, kama tunavyofanya sote mbele ya koti jeupe. Nani anataka kuonekana hajaelewa? Nilitikisa kichwa, na kile ambacho sikukisikia nikakijazia mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Mama Ntumba, mteja wangu wa miaka mingi, amekaa na kitenge kipya magotini. Binti yake anaolewa. Habari za ushuhuda zilimfikia.

« Tangu ulianguka, sikupeleka kitambaa kwa fundi mwengine. Nilikungoya weye. »

Nilikipokea kwa mkono wa kushoto, nikaomba radhi, yeye akacheka tu. Ya roboti sikumwambia.

Jioni nikamweleza mama mkwe yote. Nilitegemea aniombee. Badala yake akasema kwa sauti ya chini: « Usiseme ku bantu, mutoto yangu. Batasema Mungu alidanganya. »

Mungu hakudanganya. Mimi ndiye niliyeharakisha.

Namwelewa, maana yeye ndiye aliyezunguka soko zima akitangaza. Sina hasira naye. Nina huzuni tu, na aibu, na nimechoka kuvishwa blauzi kama mtoto.

Docta amesema nirudi Alhamisi, tuendelee kidogokidogo. Nitarudi, ingawa sijui tena ninachokwenda kutafuta kule.

Lakini kabla ya Alhamisi kuna kitenge hiki. Kesho asubuhi nitakirudisha kwa Mama Ntumba na kumwambia kwa kinywa changu kwamba siwezi kumshonea, atafute fundi mwingine, harusi isije ikamkuta hana nguo. Nimejaribu kuyasema maneno hayo hapa peke yangu, mlango umefungwa. Kila mara nafika kwenye jina lake, kisha naanza tena kukikunja kitenge kwa mkono mmoja.