Karibuni Ilipogeuka Ribuni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ucheke ukishamaliza kusoma, si kabla. Mimi ni mpanga vitabu wa maktaba, miaka hamsini na miwili, na tangu mkuu wetu anikabidhi kompyuta zetu tatu kwa majaribio moyo unaniruka kama wa bwana harusi, maana miaka ishirini nimekuwa mtu wa gundi na vumbi na leo natoa amri na mashine inatii! Ila zote zinatumia mfumo wa Linux na kila moja ina tabia yake, kama watoto wa mama mmoja, ya mapokezi nikiandika sudoedit /etc/motd nibadilishe salamu ya wafanyakazi inanifungulia nano, kihariri kipole chenye maelekezo chini, nikaandika "Karibuni", safi, nikahamia ya chumba cha watoto, amri ileile, neno lilelile, ikalia pii, ikaandika "ribuni", na kutoka nikashindwa, nikampigia mpwa wangu.

"Mjomba, hicho ni kihariri kingine, vi! Bonyeza Esc, nukta mbili, w, q, kisha Enter."

Ikafunga, nikashangilia hadi mlinzi akachungulia, kumbe ile w ni kuhifadhi, na kosa nimelihifadhi! Sasa wenzangu wananilaki "Ribuni, mzee!" na kuitikiana "Asante, tumeribu!", na mkuu ameuliza kama nilikusudia karibuni au haribuni. Ya stoo sijathubutu kuigusa. Jumatatu mkuu atasimama nyuma yangu, aamue nibaki na kompyuta au nirudi kwenye gundi. Nataka nano kote. Mpwa simpigii tena, alicheka dakika nzima.

Mzee Ribuni

Ndugu Ribuni,

Pole, nami nimecheka kabla ya kumaliza. Vi haikukuonea: ukiifungua, kila herufi ni amri mpaka uiambie unaandika. K haikuielewa, a ikakufungulia mlango, ribuni ikaingia. Lakini wewe, mtu wa maktaba, unahifadhi usichokisoma? Aibu!

Sasa fanya kazi. Kwenye kila mashine andika nano ~/.bashrc, ifunguke faili ya mipangilio yako. Ikikataa, nano haipo. Isakinishe kwanza, yaani iweke kwenye mashine, mpwa wako atakupa amri, na nadhani stoo ndiko itakakokosekana. Nenda mwisho wa faili, ongeza mistari miwili:

export EDITOR=nano
export VISUAL=nano

Hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X, kisha ondoka kwenye akaunti na uingie upya. Andika echo $EDITOR. Ikijibu nano, mmeelewana. Kila ukoo wa Linux una njia zake za kuchagua kihariri, usihangaike nazo. Mistari hii inasikika kote. Na ukikutana tena na vi ugenini, Esc, kisha :q! na Enter, itakutoa bila kuhifadhi chochote. Iandike kiganjani.

Mpwa wako mpigie leo. Aliyekutoa shimoni ana haki ya kucheka.

Ila ile ribuni usiiguse kwanza. Jumatatu, mkuu akiwa nyuma yako, ifungue, nano itokee, rudi mwanzo wa mstari, ongeza herufi mbili, hifadhi. Soma safari hii! Kisha geuka, umwambie kwa mdomo wako: karibu.