Papa Depite Amekunywa Kasiksi Yetu

Jumanne. Mvua imekatika na jua limetoka. Leo nimeshuka ziwani na kurudi na maji kabla uji wa watoto haujapoa. Nina furaha hata nasikia haya kuisema.

Tangu muzungu mumoja alipojenga nyumba kando ya ziwa na kufunga njia yetu kwa senyenge, ule waya wa miiba, sisi wamama wa Majengo tulikuwa tunazunguka mbali sana, juu ya mawe ya volkano yanayokata miguu. Na mimi niko na tumbo kubwa. Juma lililopita nilianguka na mutungi wangu. Mutoto alitulia tumboni mpaka jioni, halafu akapiga teke. Hapo ndipo nililia.

Siku zilezile Padri wetu, mutu wa Canada, akapata mugeni: kaka yake, depite. Bwana yangu ni dereva wa misioni, akaniambia watapita kutusalimia Jumapili. Nikamuuliza depite ni kitu gani. Akasema ni mutu aliyechaguliwa na watu wa kwao awasemee mbele ya wakubwa.

Aa! Kumbe ni musemaji!

Kwetu, ukitaka mutu akusemee, ikiwa ni mambo ya mahari ao ya shamba, unamupa pombe kwanza. Akishakunywa, amekubali. Hawezi tena kusema hayamuhusu. Basi nikakamua ndizi zangu, nikatengeneza kasiksi, na sikuitia maji.

Jumapili mugeni akaketi, amekuwa mwekundu kwa jua. Akapokea kibuyu, akavuta kwa murija hadi ukalia. Akaomba tena! Wamama tukatazamana, hakuna aliyecheka.

Akatusimulia kazi yake, Padri akitafsiri. Kwao kuna mto unaoganda kwa baridi, watu wanaupita kwa miguu, na wengine walikuwa wanazama humo. Alisema habari ya daraja mbele ya wakubwa mwaka hata mwaka, mpaka wakachoka naye wakalijenga. Kuna mwaka watu wa kwao walimukataa, wakachagua mwingine, akarudi nyumbani kukamua ng'ombe zake. Ya ng'ombe tuliisadiki, maana mikono yake ni ya mukamuaji. Lakini ile ya mto, hapana. Muzee Bizimana, baba ya bwana yangu, aliniegemea akanongona, "Pombe imeshamuingia huyu."

Halafu Muzee akakohoa, akaeleza mambo ya njia yetu na namna nilivyoanguka. Mugeni akashituka. Akasema yeye hapa hana mamlaka, sisi hatukumuchagua.

"Papa," Muzee akamujibu pole pole, "umeshakunywa."

Padri alikuwa mwekundu kuliko kaka yake. Anajua desturi yetu, miaka yote hii anakula kwetu. Angeweza kumuonya pale mulangoni. Lakini alinyamaza kimya, akatazama viatu vyake. Mungu amubariki kwa kunyamaza kule.

Mugeni alipoelezwa, alicheka mpaka machozi. Kisha akaacha kucheka, akaomba aione njia. Tulimuzungusha juu ya mawe yote, hatukumuhurumia, na viatu vyake vizuri vikachanika.

Jana akarudi pamoja na Padri. Kusema kweli, sikumutegemea. Alisimama uani kwangu, kofia mukononi, kama kijana aliyekuja kuposa. Akasema ameongea na Bwana Mukubwa wa teritwari, yule anayetawala hapa kwa serikali, na njia itafunguliwa, lakini asubuhi tu. Jioni, hapana. Akasema anaona haya kutuletea nusu. Lakini kwao, mutu akitumwa anarudi kusema alichopata na alichokosa, "na ninyi mulinituma."

Nimezoea wazungu wanaokuja kutuambia. Huyu alikuja kutujibu.

 Nikashika mukono wake kwa mikono yangu yote miwili, kama vile tunavyomushika mukubwa wa ukoo.  Leo amepanda mashua ya Bukavu, na sidhani kama nitamuona tena hapa duniani. Nimemuombea safari njema, na mutoto aliye tumboni amuombee pia.

Asubuhi hii senyenge ilikuwa imekunjwa kando. Nimepita wa kwanza. Maji yalikuwa baridi, nikaosha uso, nikaosha magoti, nikakaa kidogo juu ya jiwe laini bila haraka. Wenzangu walikuwa wanaimba. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilishukuru namna hii, na bado nashukuru wakati huu ninapoandika.

Ila ile jioni inanikera. Kwani jioni hatupiki? Watoto hawaogi?

Papa Depite ameenda kwake, ana watu wake wa kusemea. Mimi nina mudomo. Kesho saa kumi ya jioni nitashuka pale na mutungi wangu, nisimame mbele ya senyenge, na yule muzungu akitoka, nitamuuliza mwenyewe.